Kazi ya tabibu wa akupancha: maswali na majibu

Wanaouliza kuhusu akupancha, ile tiba ya sindano ya Kichina, ni wa aina mbili: wagonjwa wanaotaka kutibiwa, na vijana wanaotaka kuisomea iwe kazi yao. Hapa nawajibu zaidi hawa wa pili, ingawa mgonjwa naye hatakosa lake.

Mbali na kuchoma sindano, tabibu huyu hufanya nini?

Siku ya kwanza ya mgonjwa, sehemu kubwa ya muda hachomi chochote. Anauliza: usingizi ukoje, hamu ya kula, choo, hedhi, unatokwa na jasho usiku, unasikia baridi miguuni? Kisha anaomba uutoe ulimi. Anaangalia rangi yake, utando wa juu, na kama kingo zina alama za meno. Halafu anashika mapigo, lakini si kwa kuhesabu tu kama nesi. Anaweka vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono, anagusa kwa wepesi, kisha anakandamiza.

Katika nadharia ya tiba hii, mwili una nguvu iitwayo qi inayopita katika njia maalumu, na ugonjwa hutokea ikikwama au ikipungua. Ndiyo maana watu wawili wenye maumivu ya kichwa yale yale wanaweza kuchomwa sehemu tofauti kabisa. Baada ya uchunguzi mgonjwa hulala, sindano zikaachwa kwa dakika 20 hadi 30 hivi. Wengi huongeza na kupiga chuku, umeme mdogo kwenye sindano, au moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi ili kuipasha joto.

Inauma?

Kidogo, na si kama unavyodhani. Sindano ya hospitali ina tundu ndani na ncha iliyokatwa mshazari ili ipasue. Ya akupancha haina tundu, na nyingi zina unene wa robo milimita tu. Tabibu anapangusa ngozi, anasimamisha kijibomba chembamba chenye sindano ndani, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole mara moja, basi imeshaingia. Kijibomba hicho kinahusishwa na Sugiyama Waichi, tabibu kipofu wa Japani wa karne ya 17.

Kinachofuata ndicho kinachotenganisha fundi na mwanafunzi. Anaisukuma polepole, anaizungusha kati ya dole gumba na cha shahada, hadi mgonjwa aseme anasikia uzito, ganzi au kama kitu kinavutwa. Wachina huita hali hiyo de qi. Tabibu naye huisikia mkononi, sindano inakuwa kana kwamba nyama imeishika.

Masomo huchukua muda gani?

Inategemea nchi. China, shahada ya kwanza ya tiba ya jadi ni miaka 5, kisha kuna mtihani wa leseni. Marekani, njia ya kawaida ni shahada ya uzamili ya miaka 3 hadi 4, kisha mitihani, na leseni hutolewa na jimbo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa asiye daktari, na zisizopungua 1,000 kati ya hizo ziwe za vitendo. Kwa hiyo cheti cha wikendi mbili hakikufanyi kuwa tabibu, hata kikipigwa mhuri wa dhahabu.

Sehemu za kuchoma zinazotambulika kimataifa kwenye njia za qi ni 361. Kila moja ina jina, mahali, kina na tahadhari zake, na zote huingia kichwani. Mtihani wake ni wa zamani. Mwaka 1027, chini ya ukoo wa Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba zenye matundu mwilini. Inasimuliwa kwamba sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akichoma penyewe, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagonga shaba na kila mtu chumbani anasikia.

Kwa nini nisome anatomia, kama tiba yenyewe ni ya qi?

Kwa sababu sindano inaingia kwenye nyama, si kwenye nadharia. Chukua sehemu iitwayo Jianjing, juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega. Hutumika sana kwa shingo iliyokaza. Chini yake kuna kilele cha pafu. Ukichoma kwa kina, hasa kwa mtu mwembamba, unaweza kulitoboa pafu, hewa ikaingia kati yake na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Mgonjwa anaweza kuondoka vizuri, kisha saa kadhaa baadaye akabanwa na pumzi na maumivu ya kifua. Hiyo ni dharura ya hospitali. Haitokei mara nyingi, lakini inatokea.

Kuna na mengine: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvuja damu kwa urahisi, mwenye kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo hawekewi umeme, na mjamzito ana sehemu ambazo kwa desturi hazichomwi, kama Hegu, pale kati ya dole gumba na cha shahada. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kueneza homa ya ini aina ya B na VVU. Tangu 1996 sheria za Marekani zinataka sindano ziwe tasa, yaani zisizo na vijidudu, na zitumike mara moja tu.

Kwa maoni yangu, somo kubwa kuliko yote ni kujua nani usimchome. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na kushindwa kuzuia mkojo, kichwa kinachouma ghafla na vikali kuliko siku zote, uvimbe unaokua: hao ni wa hospitali, leo.

Je, sayansi inaikubali?

Kwa baadhi ya maumivu, ndiyo, na kwa kiasi. Kamati ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, inaikubali katika kuzuia kipandauso, lakini mwaka 2016 iliiondoa katika mapendekezo yake ya maumivu ya mgongo wa chini. Marekani nayo, mwaka 2020 bima ya serikali ya wazee ilianza kulipia akupancha kwa maumivu sugu ya mgongo huo huo. Ushahidi ule ule, maamuzi mawili. Tatizo ni kwamba katika tafiti nyingi, hata wanaochomwa sindano za kuigiza hupata nafuu, na tofauti kati yao na wa sindano halisi huwa ndogo. Tabibu anayeahidi kuponya saratani au kisukari kwa sindano anadanganya.

Na dawa za mitishamba?

Ni somo lingine zima. Artemisinini inayotibu malaria ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou akapewa Nobel mwaka 2015. Lakini mimea ya jamii ya Aristolochia, iliyowahi kutumika katika tiba hiyo hiyo, huharibu figo na kusababisha saratani. Usiguse eneo hili bila kulisomea.

Maisha ya kazi yakoje?

Wengi hujiajiri, maana yake wewe ni tabibu, karani na mhasibu. Mgonjwa huja mara moja au mbili kwa wiki, na kumbukumbu za kila ziara lazima ziandikwe. Utainama juu ya vitanda siku nzima, kwa hiyo nunua kitanda kinachopanda na kushuka kabla ya kununua mapambo ya ukutani.

Mgonjwa atamjuaje aliyesomea?

Omba kuona leseni. Tazama pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yako. Zikitolewa zihesabiwe, zilizoingia zote zitoke, na ziende kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Akikwambia uache dawa za presha alizokuandikia daktari, vaa viatu uondoke.