Msiyasukume yote kwenye vita

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kwa mhudumu wa afya: "Huyu katoka Kongo, kaona vita, basi tatizo lake ni vita." Hapana. Mkimbizi aliyetoka Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996, akaishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 20, kisha akapelekwa Marekani, ana mengine yanayomla, na mengi yameanza baada ya kushuka kwenye ndege. Sikatai: kuota mapanga usiku na kuruka mlango ukigongwa ni dalili, na zina tiba. Ila si yeye mzima.

Tazameni kalenda. Huduma za kuwapokea wakimbizi Marekani zimepangwa kwa siku 90 za mwanzo, na uchunguzi wa afya kwa kawaida hufanywa humo humo, mtu akiwa bado na furaha ya kufika. Anajibu "niko sawa", faili linafungwa. Karibu miezi 6 tangu afike, mkopo wa nauli ya ndege unaanza kudaiwa. Hauna riba, lakini deni ni deni. Kodi ya nyumba sasa ni juu yake. Barua za shule na za umeme anazisoma mtoto wa miaka 12, baba amekaa anasubiri kuelezwa. Kambini wanapiga simu wakiomba pesa, na mtoto aliyebaki huko bado hajaitwa kusafiri. Mpimeni tena hapo, kati ya mwezi wa 6 na wa 12.

Na mkimpima, someni kwa akili dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 ndiyo ya kushtua. Anayefanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama anaweza kupata 3 kwenye usingizi, 3 uchovu, 3 kula: tayari 9, hata kama hana huzuni! Tena hiyo 10 ilipatikana kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani. Kwa Mbembe, mtu wa kabila la huko Fizi, aliyezeekea kambini, mimi siiamini sana. Anzeni na swali la 1 na la 2, kukosa hamu na kukata tamaa. La 9, la kutamani kufa, likipata hata 1, msimwachie aondoke, jumla iwe 4 au 20. Muulizeni waziwazi: umepanga utafanyaje? Kitu cha kufanyia unacho? Usiku unalala na nani? Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Jibu la dodoso "zaidi ya nusu ya siku" huwachanganya wengi, ulizeni, "Katika siku 14 zilizopita, ni siku ngapi?" Neno sonona wengi wao hawalijui. Atakwambia ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unadunda. Akikataa sonona, msiandike hana dalili.

Mkalimani awe mtu mzima aliyefunzwa, hata kwa simu, na asiwe wa kanisa lake. Mtoto kamwe: hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba alibakwa, au kwamba anatamani kufa.