Kumpata profesa wa sayansi Lubumbashi: dhana potofu na ukweli wake

Kila mwaka baraza la idara linapokaa kugawa masomo, shida ileile hurudi mezani: masomo ni mengi kuliko walimu wenye doktora, na maprofesa waliopo wanazidi kuzeeka. Katika vitivo vya sayansi vya mji wetu wa Lubumbashi, hapa Kongo, iwe ni kemia, fizikia, biolojia au jiolojia, asistenti na mashefu de travo, yaani walimu wa ngazi za chini, hawakosekani. Wanaokosekana ni wale wa ngazi za juu, kuanzia profesa mshirika hadi profesa ordineri. Nimefundisha kemia kwa miaka mingi katika idara moja ya namna hiyo, nimekaa katika mabaraza yaliyowatafuta maprofesa na kuwakosa, na naamini kwamba mara nyingi tulishindwa kwa sababu ya mambo tuliyoyashika kuwa kweli kabla hata hatujaanza kutafuta.

Dhana: Wataalamu wa ngazi hiyo hawapo tena, wote waliondoka.

Wapo, ila kuna kizazi kimoja kilichopungua sana, na upungufu huo una historia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiliundwa mwaka 1955, mji ulipokuwa ungali unaitwa Élisabethville, kikaanza kufundisha mwaka 1956. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikiunganisha na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre (ndivyo Kongo ilivyoitwa enzi hizo), UNAZA, vitivo vikagawanywa upya kati ya miji hiyo mitatu, na hadi mwaka 1981 kila mji haukuwa na chuo chake chenye kujitegemea. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaïre, na njia ambayo asistenti wetu wengi waliitegemea ili kumalizia doktora zao ng'ambo ikaziba. Katika miaka ya 1993 na 1994 bei zilipanda kwa kasi ambayo mshahara wowote wa serikali haukuweza kuifuata.

Tupige hesabu. Asistenti aliyepaswa kutetea tasnifu yake mwaka 1995 akiwa na miaka 35 angekuwa na miaka 65 mwaka 2025, naye ndiye angekuwa leo profesa ordineri anayesimamia maabara na kuwakanya vijana. Huyo ndiye tunayemtafuta bila kumwona, kwa sababu doktora yake haikufanyika. Kwa hiyo, idara inayosubiri mtu mwenye mvi na miaka thelathini ya uprofesa itasubiri sana, wakati profesa mshirika mwenye miaka kumi ya kazi nzuri yuko Kinshasa, Afrika Kusini au Ubelgiji, au yuko hapahapa mjini katika ofisi ya kampuni ya madini, na hakuna aliyemwuliza.

Dhana: Tatizo ni fedha tu, tukiwa na mishahara mikubwa watakuja wenyewe.

Mkono mtupu haulambwi, na sitasema kwamba mshahara ni jambo dogo. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, nayo hutoka hasa katika majimbo ya Haut-Katanga, ambamo mji wetu umo, na Lualaba, kwa hiyo mgodi unamhitaji mwanakemia na mwanajiolojia yuleyule tunayemhitaji sisi, na una uwezo wa kumlipa zaidi. Lakini ukubwa wa malipo ni jambo moja na uhakika wake ni jambo jingine. Mwalimu aliyeteuliwa huanza kupata mshahara wa serikali baada ya jina lake kuingizwa katika orodha ya malipo ya taifa, shughuli tunayoiita mekanizasio, na kati ya uteuzi na mekanizasio inaweza kupita miaka ambayo mtu anaishi kwa primu, yaani posho itokanayo na karo za wanafunzi. Anayerudi kutoka ng'ambo ana mlima mwingine: wizara lazima iitambue shahada yake kuwa sawa na ya hapa, na cheo alichokuwa nacho kule hakimfuati chenyewe. Mtu wa miaka 50 mwenye watoto shuleni anaweza kuupokea mshahara ulio mdogo kuliko wa mgodini. Kutojua utaanza kuingia mwezi gani ndiko kunakomrudisha nyuma.

Baada ya mshahara huja swali ambalo wagombea wazuri niliozungumza nao waliliuliza mapema sana: nitafanya kazi kwa vifaa gani? Chukua spektromita ya ufyonzaji wa atomu, mashine ambayo kwayo tunapima shaba au kobalti katika maji, udongo au mkojo wa mchimbaji. Inataka gesi ya asetilini, inataka taa ya kila metali kwa sababu taa ya shaba haiwezi kupima kobalti, inataka asidi safi ambayo mara nyingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa, na inataka umeme usiokatika katikati ya kipimo. Mashine ya namna hiyo ilikuwa kwetu, zawadi ya mradi uliokwisha zamani, ikiwa imefunikwa kitambaa. Mgombea mmoja aliyekuja kututazama alikiinua kitambaa hicho taratibu, akauliza daftari la matengenezo liko wapi na ni fundi gani anayeishughulikia. Hatukuwa na daftari wala fundi. Alitushukuru kwa heshima zote, na hakurudi. Tulikuwa tumemwandalia chakula kizuri na hotuba ya rekta, mkuu wa chuo, lakini hakuna aliyekuwa amefikiria kununua taa.

Dhana: Profesa mgeni anatosha, kwa kuwa masomo yanafundishwa na mitihani inafanyika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na lazima nikiri kwamba bila wageni hao vyuo vingi vya mashariki visingesimama, vikiwemo vile vya Bukavu na Goma vilivyoanza mwaka 1993 kama matawi ya Chuo Kikuu cha Kisangani. Profesa hufika, hufundisha somo la saa 45 au 60 kwa siku chache, asubuhi na jioni, huacha maswali ya mtihani, kisha hupanda ndege. Wanafunzi wa miaka ya kwanza hupata wanachohitaji, ingawa wanachoka.

Lakini kufundisha darasani ni sehemu tu ya kazi ya profesa wa sayansi. Katika mfumo wetu tasnifu ya doktora huongozwa na profesa. Shefu de travo, hata awe mjuzi kiasi gani, hawezi kuwa promota, yaani kiongozi wa tasnifu. Idara isiyo na profesa mkaazi hulazimika kuwaazimia asistenti wake promota mahali pengine, mara nyingi Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, naye huwasoma anapopata nafasi. Mwanahistoria labda anaweza kuvumilia umbali huo. Katika kemia kosa huonekana kwa macho, kwa harufu, kwa rangi ya mchanganyiko, na linahitaji mtu unayeweza kumgongea mlango saa hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilikaa miezi saba nikirudia kipimo ambacho hakikukubali kutulia. Promota wangu alipofika hatimaye, alitazama vyombo vyangu kwa dakika kumi akaniambia kwamba maji niliyoyaona kuwa safi yalikuwa na madini ndani yake. Miezi saba ilikwenda hivyo, na sikuwa asistenti pekee.

Hali hii imekuwa nzito zaidi tangu sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilipoelekeza vyuo kwenye mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora. (Neno lisansi lenyewe limebadilika: lisansi ya zamani ilifikiwa baada ya miaka 5, ya sasa baada ya miaka 3, na anayesoma faili za wagombea lazima aangalie mwaka ulioandikwa kwenye shahada.) Masta ya miaka 2 inayofuata hujengwa juu ya utafiti, na kila mwanafunzi wa masta anahitaji msimamizi aliye karibu. Mgeni wa siku kumi hawezi kusimamia utafiti wa mwaka mzima, hata awe na moyo mwema kuliko wote.

Dhana: Bora ni yule mwenye makala nyingi zaidi.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine mara 20 au zaidi. Kipimo hiki kimeingia katika mabaraza yetu kana kwamba ni kipimajoto, ilhali mwanahisabati bora anaweza kuwa na namba ndogo kuliko mtafiti wa kawaida wa tiba, kwa sababu nyanja hizo zinaandika na kutajana kwa desturi tofauti. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilizitaka taasisi ziache kumpima mtu kwa umaarufu wa jarida na zisome kazi yenyewe. Kwetu kuna sababu ya ziada. Vilima vya shaba vya Katanga vina mimea inayostahimili shaba na kobalti kwa viwango vinavyoua mimea mingine, na baadhi yake haipatikani kwingine duniani. Mtaalamu wa mimea hiyo husomwa na watu wachache, hivyo hesabu ya h haitampendelea, lakini ndiye atakayehitajika pindi mgodi utakapotakiwa kurudisha uhai katika ardhi uliyoichimba. Yapo pia majarida yanayochapa chochote mradi umelipa, nayo huneemesha orodha ndefu. Swali langu kwa mgombea limekuwa jingine kwa muda sasa: ni wangapi aliowaongoza hadi wakatetea, na leo wako wapi?

Dhana: Mkubwa akiletwa kutoka nje, vijana wetu wamefungiwa njia.

Kijana hapandi kuwa profesa bila doktora, na doktora haipatikani bila promota, kwa hiyo anayekuja ndiye anayefungua njia. Hofu ya vijana ina msingi pale tu mgeni anapokuja na watu wake na kuwafanya asistenti aliowakuta wabeba mizigo. Hilo huulizwa wazi siku ya mazungumzo, na asistenti wenyewe wawepo.

Dhana: Tangazo likibandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo wa chuo, wenye sifa wataleta faili.

Anayesoma valvu ni yule anayetafuta kazi. Profesa tunayemtaka ana kazi tayari, ana wanafunzi katikati ya tasnifu zao, ana nyumba, na mwenzi wake naye ana ajira. Hupatikana kwa mazungumzo ya mwaka mmoja au miwili: anaalikwa kwanza katika jopo la kusikiliza utetezi wa tasnifu, kisha anaombwa kuwa promota mwenza wa asistenti mmoja, kisha anakaa nasi muhula, na kila hatua inamwonyesha sisi ni watu gani. Familia ije pia ione shule na mtaa. Tuliyemkosa kwa uchungu mkubwa kuliko wote alikuwa amekwisha kukubali. Mkewe, ambaye ni mfamasia, ndiye tuliyesahau kuzungumza naye.

Yakifika kwenye makubaliano, barua itaje kwa maandishi chumba cha maabara na vifaa vilivyomo vinavyofanya kazi, asistenti wawili atakaowaongoza, masomo machache katika mwaka wa kwanza, na kiasi ambacho chuo kitamlipa kila mwezi hadi mekanizasio itakapokamilika. Isainiwe na kamati nzima ya uongozi, kwa sababu mkuu wa idara hubadilika na ahadi zake huondoka naye, na imfikie profesa kabla hajaaga huko aliko.