Shida zako zikae wapi ndani ya dosye ya maombi

"Mimi ni mtoto wa vita." Barua nyingi za kuomba shule zinazofika mezani kwangu hapa Katindo, mtaa wa Goma, huanza na sentensi hiyo, au na nyingine inayofanana nayo. Ni sentensi ya kweli. Kijana aliyezaliwa Goma mwaka 2005 amekimbia mara ngapi kabla ya kukaa kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari? Hata hivyo mimi huiwekea mstari mwekundu. Kwa miaka mingi nimewasaidia vijana wanaoomba nafasi kwenye shule za udaktari, uuguzi na sheria, na nimekaa pia upande wa pili wa meza, kwenye kamati za kuchagua wanaopewa ufadhili. Msomaji wa kamati ana huruma, tena sana. Tatizo ni kwamba akishaimaliza sentensi hiyo bado hamjui aliyeiandika. Mtaa mzima ungeweza kuiandika neno kwa neno.

Mwaka jana alikuja binti mmoja wa Majengo, amemaliza biokimia, anaomba uuguzi Uingereza. Alileta kurasa mbili zilizochapwa vizuri. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa mabomu, wa kukimbia kutoka Sake, wa hema kwenye kambi ya Bulengo, na wa baba ambaye hadi leo hajulikani alipo. Nilimwomba aiweke barua pembeni anisimulie siku yake ya kawaida kule kambini, kuanzia asubuhi.

Akasema asubuhi alikuwa anasimama ufukweni mwa ziwa na bomba la sindano lisilo na sindano, anatia klorini kwenye bidoni, yaani madumu, za watu waliokuja kuchota maji, kwa sababu ya kipindupindu. Hilo halikuwamo hata kwa neno moja ndani ya barua.

"Mwalimu, ile nayo ni kitu ya kuandika?"

Nikamwambia aendelee. Akaeleza kwamba kina mama wengine walikuwa wanaikwepa foleni, wanachota mbali kidogo ili bidoni zao zisitiwe dawa, kwani watoto walikataa uji wenye harufu. Wenzake waliwafokea. Yeye akawafuata mpaka kwenye mahema, akaangalia maji yanavyotumiwa, akagundua kwamba wengi walikuwa wanayatumia hapo hapo, bila kungoja nusu saa ambayo klorini inahitaji kufanya kazi. Saa hawana. Basi akawa anawaambia: washa mbabula, jiko lako la makaa, kwanza, makaa yakishashika vizuri hadi mwisho, ndipo uguse maji. Foleni ikaanza kurudi.

Nilimtazama, nikamwambia: binti yangu, uuguzi umeshauanza.

Tuliandika upya. Shida ilibaki, lakini kwa sentensi mbili: familia yake iliingia Bulengo mwezi wa pili mwaka 2024, na tangu hapo yeye ndiye anayewalea wadogo zake wawili. Baada ya hapo barua nzima ikasimama pale ufukweni. Sehemu ya baba tuliiondoa, na nitaeleza sababu.

Kamati haina mizani ya kupimia uchungu. Mmoja ameandika juu ya kifo cha baba, mwingine juu ya nyumba iliyochomwa; msomaji ampe nani alama zaidi? Hawezi, wala hapaswi. Anachoweza kupima ni jinsi ulivyoona, ulivyoamua ukiwa huna kitu mkononi, na kama kazi unayoiomba unaijua kwa karibu. Ndiyo maana shida inayosimama peke yake hubaki kuwa habari ya kusikitisha, na msomaji anageuza ukurasa bila kujua afanye nini nayo. Mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha uchunguzi wao juu ya mambo yanayomwangusha mwombaji kwenye masomo ya juu ya saikolojia nchini Marekani, wakiwa wamewauliza wakuu wa kamati zenyewe. Kufunua mambo ya ndani ya maisha kupita kiasi kulikuwamo, pamoja na kusimulia ugonjwa wako wa akili. Ni wasomaji wa fani moja, wa nchi moja, na kuhusu ugonjwa sikubaliani nao kabisa: mtu aliyeugua, akatibiwa, akarudi darasani, hana la kuficha. Lakini uandike ukiwa umeshavuka. Kama bado uko katikati ya mto, barua hiyo ingoje.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya mji, nyumba yetu ikawa chini ya mawe. Mama alifariki miezi michache baadaye. Mwaka 2004 nikaomba shule, nikaweka kifo chake kwenye aya ya kwanza, kwa sababu rafiki aliniambia wazungu wanapenda hivyo. Nikaitwa kwenye mahojiano. Mzee mmoja aliyekuwa katikati yao akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Sikuweza kufungua mdomo. Nilikaa mbele ya watu watatu nikilia, na dakika ishirini walizonipa zikaisha hivyo. Hawakunikosea chochote. Nilikuwa nimewafungulia mlango wa chumba ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimeingia.

Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu humsomea barua yake kwa sauti mtu asiyemzoea, mara nyingi yule dada wa sekretarieti anayetuchapia. Ulichoandika utaulizwa. Sauti ikikatika, sentensi ile inatoka. Binti wa Majengo alisoma kila kitu vizuri mpaka alipofika kwa baba yake.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Kijana mmoja aliyeomba sheria alieleza kwa kirefu yaliyompata dada yake mkubwa porini, na kwamba ndiyo sababu anataka kuwa wakili. Barua ilikuwa na nguvu. Nikamuuliza kama dada mwenyewe ameisoma.

"Hapana, Mwalimu. Sikumuulizaka."

Hiyo si shida yake ya kutoa. Ni ya yule dada, na watu wengi wasiomjua wangeisoma bila yeye kujua, pamoja na jina la ukoo wake juu ya karatasi. Nilimrudisha nyumbani akamuulize. Dada alikataa. Tukaandika yale ambayo kijana alifanya yeye mwenyewe: mara ngapi alimsindikiza mtu wa familia kwenye ofisi za mahakama, jinsi alivyojifunza karatasi ipi inahitaji muhuri, siku aliyoona kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hakuwa na pesa ya pikipiki ya kumfikisha mjini. Ilitosha. Ilikuwa ni barua ya mtu aliyekwisha kuona sheria inakwama wapi.

Na wale wa udaktari: najua wengi wenu mnamtaja Daktari Mukwege, yule wa Bukavu anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, na mna haki, Bukavu iko pale ng'ambo ya ziwa na Nobeli yake ya amani ya mwaka 2018 ni fahari yetu sote. Lakini msomaji anamjua tayari. Wewe hakujui bado.

Sasa kuhusu mahali pa kuiweka. Watoto wetu waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi huniuliza sana kwa WhatsApp. Mfumo wa AMCAS, ambao shule nyingi za udaktari huko huutumia, una barua kuu ya herufi 5,300, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Tangu maombi ya mwaka 2024 kuna pia swali la pembeni la herufi 1,325, kwa ajili ya vikwazo ulivyopitia: umaskini, familia, mazingira ya shule. Si lazima kulijibu. Kama una cha kusema, kambi, lugha na kazi za usiku viende huko, ili barua kuu ibaki huru kueleza kwa nini udaktari. Nimeona watu wakiandika hadithi ileile mara mbili, huku na huku. Ni kupoteza nafasi. Kwenye shule za sheria za Marekani alama mbaya za muhula mmoja mara nyingi huelezwa kwenye karatasi fupi ya ziada: nini kilitokea, lini, kiliisha lini. Aya mbili zinatosha, bila kujitetea.

Uingereza ni tofauti. Kuanzia kwa wanaoanza masomo mwaka 2026, UCAS, mfumo wa kuomba vyuo vikuu huko, imeondoa barua moja ndefu ikaweka maswali matatu: kwa nini somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini. Jumla bado ni herufi 4,000, na kila jibu lisipungue 350. Hakuna swali linalouliza "uliteseka vipi". Klorini ya binti yule ilikaa sawasawa kwenye swali la tatu.

Na yale mengine je? Hapa nawaomba walimu wenzangu. Tangu maombi ya 2024, barua ya mwalimu kwenye UCAS ina sehemu yake maalumu ya kueleza mazingira magumu yaliyogusa masomo ya mwanafunzi. Wengi wetu tunaiacha wazi, au tunaandika "ni mtoto mwenye nidhamu". Mwanafunzi akikubali, andika pale: Januari 2025 mji wa Goma ulipochukuliwa na waasi wa M23 darasa lilifungwa siku ngapi, alihamia wapi, alirudi lini, bulteni yake, yaani ripoti ya alama, ilikuwa asilimia ngapi kabla na ngapi baada. Mwalimu wa Himbi aliyenipigia juzi kuuliza aanzie wapi: anzia kwenye kitabu chako cha mahudhurio.