Kiti cha hakimu kwenye jengo la saza

Ukipita makao ya saza (eneo la utawala, kama wilaya) vijijini Buganda, ufalme ulioko Uganda, huenda ukaonyeshwa jengo kuukuu: matofali ya kuchoma, mabati yaliyoshika kutu, baraza pana mbele. "Hapo ndipo Mzungu alipokuwa akihukumu," utaambiwa. Hadithi hiyo ni ya siku nyingi, ila imemkalisha mtu kwenye kiti kisicho chake.

Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme huo, ulitaja masaza 20, na ukamkabidhi mkuu wa kila saza kazi hizi: kuamua kesi za wenyeji, kukadiria na kukusanya kodi, kutunza barabara kuu na kusimamia mambo yao kwa jumla. Kwa hiyo aliyesikiliza kesi ya mbuzi au ya mpaka wa shamba alikuwa Mganda, akihukumu kwa Kiganda. Rufaa ilikwenda Lukiiko, yaani bunge la Buganda, kule Mengo, makao makuu ya ufalme. Waingereza walikuwa juu ya mfumo mzima, hilo halina ubishi.

Ndiyo maana usitafute humo umbo la mahakama ya mjini. Kesi na kodi zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Na vyeo vyenyewe, kama Pokino, cheo cha mkuu wa saza la Buddu, vilikuwapo kabla ya mkataba.