"Linashughulikiwa": neno linaloua hoja za watumishi wa halmashauri

Nikialikwa kuwanoa wajumbe wa Baraza la Wafanyakazi katika halmashauri, kitu cha kwanza ninachoomba ni muhtasari wa kikao kilichopita, pamoja na wa kile kilichokitangulia. Nakaa na kalamu nyekundu nikihesabu neno moja tu: "linashughulikiwa". Likitokea mara mbili tatu, sina shida nalo. Lakini likijaa safu nzima ya utekelezaji, kutoka juu hadi chini, najua nimefika mahali ambapo watumishi wameshaacha kuleta hoja. Wanakuja, wanasaini karatasi ya posho, wanasubiri chakula.

Neno hilo nalijua vizuri kwa sababu nimelitumia sana. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka kabla sijaanza kazi hii ya mafunzo, na kila hoja iliyonishinda niliivalisha neno hilo ikapita. Halidanganyi moja kwa moja. Halisemi nani anashughulikia, wala ataimaliza lini, na hakuna mjumbe anayeweza kulipinga. Ni neno zuri sana kwa mtu anayetaka kufika salama saa ya kufunga kikao.

Kwa msomaji asiye mtumishi: baraza ninalolizungumzia siyo lile la madiwani, ingawa hata ndani ya halmashauri wapo wanaoyachanganya. Baraza la Wafanyakazi lina historia ndefu kidogo. Chimbuko lake ni Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, enzi za Mwalimu Nyerere, lililotaka wafanyakazi washirikishwe katika uendeshaji wa sehemu zao za kazi. Baadaye ikaja Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya mwaka 2003, na kanuni zake za 2005. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, nacho kinagusa mikataba ya ushirikishwaji. Kwa vitendo, mwajiri na chama cha wafanyakazi wanasaini mkataba wa kuunda baraza, idara zinachagua wawakilishi, wakuu wa idara wanaingia kwa nyadhifa zao, na wajumbe wanachagua katibu. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, na kimoja huwa karibu na msimu wa bajeti. Mwenyekiti ni Mkurugenzi.

Hapo kwenye mwenyekiti ndipo watu hunikatiza. Inakuwaje mlalamikiwa aongoze kikao? Mimi sioni tatizo. Kikao asichokuwepo mwenye kalamu ya kusaini malipo ni kilio tu, watu wanaliwazana na kurudi nyumbani. Tatizo langu liko kwa katibu. Katibu laini, anayempelekea Mkurugenzi hoja zilizokwisha kukwanguliwa makali, anaharibu baraza kuliko mwenyekiti mkali.

Kuna na ratiba. Mgeni rasmi anachelewa, hotuba inasomwa, wageni wanatambulishwa mmoja mmoja, kisha taarifa ya mapato na matumizi kurasa arobaini. Hoja za watumishi zinafikiwa saa nane mchana, chini ya "Mengineyo", harufu ya pilau ikiwa imeshaingia ukumbini. Ushauri wangu kwa kila halmashauri ni uleule: yatokanayo na kikao kilichopita yakiisha, hoja za watumishi zifuate papo hapo. Hotuba haipoi ikisubiri.

Lakini hata ratiba nzuri haisaidii kama hoja zimerundikwa pamoja bila kuchambuliwa ufunguo wake uko mkononi mwa nani. Chukua neno "madeni". Mtumishi anasimama na kusema "tunadai", ukumbi unapiga makofi, menejimenti inajibu kwamba linashughulikiwa. Ndani ya hilo "tunadai" mna mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kuna malimbikizo ya mshahara, kwa mfano mtu amepandishwa cheo ila mshahara mpya ukachelewa kurekebishwa. Hayo halipi Mkurugenzi. Yanapitia mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara, yanahakikiwa ngazi za juu, kisha ndiyo yanalipwa. Kumfokea Mkurugenzi kwa nini hajalipa ni kupoteza pumzi. Swali la kumbana nalo ni jingine: dai langu lilipandishwa kwenye mfumo lini, na kama lilirudishwa, lilirudishwa kwa kosa gani? Hapo afisa utumishi hana pa kujificha, maana tarehe ziko kwenye kompyuta yake.

Halafu kuna madeni yasiyo ya mshahara: nauli ya likizo, ambayo mtumishi anastahili kila baada ya miaka miwili, fedha za uhamisho, masomo, matibabu, safari za kikazi. Haya ufunguo wake mara nyingi uko palepale makao makuu ya halmashauri, kwa Mkurugenzi na mweka hazina. Ni haya ndiyo yanayovunja nyumba, maana hapa mtu anamwona mwenzake amelipwa na yeye bado.

Nitasimulia kikao kimoja, katika halmashauri ya vijijini niliyoitumikia. Hoja ya madeni ya likizo na uhamisho ilikuwa imepita vikao vitatu, na mara zote tatu jibu lililoandikwa lilikuwa langu: linashughulikiwa. Nilichokuwa nimefanya hasa ni kumkumbusha mhasibu mmoja tulipokutana koridoni. Basi. Siku hiyo akasimama muuguzi wa zahanati iliyoko pembezoni kabisa, mama wa makamo, sauti ya chini. Akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi leo sidai hela. Nataka kujua mimi ni wa ngapi."

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikamtazama mweka hazina. Mweka hazina akafungua daftari lake, akalifunga.

Hakukuwa na foleni. Kesho yake tulikwenda kuangalia, tukakuta madai yako kwenye boksi faili mbili, jipya likiwekwa juu ya la zamani. Fedha ikipatikana kidogo, wanalipwa waliokuja kufuatilia. Nani anaweza kuja kufuatilia? Aliye makao makuu, anayepita mlango wa uhasibu kila asubuhi akienda kunywa chai. Yule wa zahanati anayehitaji bodaboda, kisha basi, kisha ruhusa ya siku nzima, dai lake lilizidi kuzama chini ya boksi. Watumishi walikuwa wanaamini kuna upendeleo wa makusudi, na menejimenti iliamini watumishi ni wachochezi. Wote walikuwa wanagombania mpangilio wa makaratasi.

Baraza liliunda kikosi cha watu watano: mhasibu, mkaguzi wa ndani, mimi, na makatibu wa matawi ya vyama viwili vya wafanyakazi. Tulijifungia siku mbili na boksi zile. Madai mengine yalikufa palepale, na ilisaidia sana kwamba viongozi wa vyama walikuwepo kuona yanavyokufa. Kulikuwa na mtu aliyedai fedha za uhamisho huku barua yake ikisema amehama kwa maombi yake mwenyewe, na huyo hastahili kulipwa. Mwingine alikuwa amedai likizo moja mara mbili. Yaliyobaki tukayapanga kwa tarehe ya kupokelewa. Kwenye kanuni ya malipo tulibishana zaidi kuliko kwenye hesabu. Mwishowe tukaafikiana aliyetangulia kudai alipwe kwanza, isipokuwa mgonjwa, aliyefiwa, na anayekaribia kustaafu. Mkurugenzi akaridhia, akatenga kiasi cha kila mwezi kutoka mapato ya ndani, na orodha ikabandikwa kwenye mbao za matangazo na kutumwa kwa watendaji wa kata wote. Hatukuandika majina. Tuliandika cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara, ili kila mtu ajione bila jirani yake kujua anadai shilingi ngapi.

Fedha haikuongezeka hata senti. Deni halikuisha mwaka ule, wala uliofuata. Lakini simu za "afisa, vipi ile hela yangu" zilipungua mpaka nikadhani laini yangu ina hitilafu.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kinapelekwa barazani. Shauri la nidhamu la mtu mmoja halijadiliwi mbele ya wajumbe hamsini. Lina njia yake, na mtumishi ambaye hakuridhika na uamuzi wa mamlaka yake ya nidhamu ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Na bosi anayetaka rushwa ya ngono hasuluhishwi. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na mlango wake ni TAKUKURU. Nimeshaona "kikao cha maridhiano" kikiitishwa kwa jambo la namna hiyo, binti akaambiwa asamehe. Nilipaswa kutoka kwenye kile kikao. Sikutoka.

Baina ya hayo mawili kuna eneo pana la migogoro ya kila siku baina ya mtumishi na mkuu wake, na hapo kikwazo kikubwa ni maneno mawili yanayoandikwa juu ya kila barua: "Kupitia kwa". Utaratibu unasema barua kwa Mkurugenzi ipitie kwa mkuu wako wa kazi. Ni utaratibu mzuri kwa maombi ya likizo. Kwa malalamiko dhidi ya mkuu huyohuyo, ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Barua inalala kwenye droo, mwandishi wake anaanza kupangiwa zamu za ajabu.

Njia iliyonifaa mimi ni kumtumia katibu wa tawi kama mguu wa kwanza. Hapeleki barua, anakuja mwenyewe ofisini na kunieleza kwa mdomo, bila jina kama ikibidi. Nami nakwenda kule kituoni kwa safari ya kawaida, nakagua mahudhurio, nakaa, nasikiliza. Mara nyingi jambo lenyewe linajitokeza kabla sijauliza.

Mfano mmoja ulinitoa jasho. Mkuu wa idara alikuwa akiwakaripia watumishi wake kwenye grupu la WhatsApp la idara, saa nne usiku, mbele ya wote, kwa lugha ambayo siwezi kuirudia hapa. Watumishi wanane walikuwa tayari kuomba kuhama. Tulikaa watu wanne: yeye, mwakilishi wao, katibu wa tawi na mimi. Nilikuwa nimepanga kikao kiishe kwa radhi. Hakuomba. Alisema kazi zinachelewa na yeye ndiye anayebanwa juu, na kusema kweli kazi zilikuwa zinachelewa. Mwakilishi wa watumishi, kijana mdogo tu, ndiye aliyetukwamua: aliuliza kwa nini agizo linatoka saa nne usiku. Kumbe mkuu naye alikuwa anapokea maagizo kutoka juu jioni, akihofia kulala nayo. Tukaandika nusu ukurasa: grupu ni la matangazo tu, karipio ni ofisini na mlango umefungwa, agizo la dharura linapigiwa simu mtu mmoja anayehusika. Walisaini wote wawili. Salamu zao ziliendelea kuwa baridi, lakini hakuna aliyehama. Nami nimejifunza kutong'ang'ania radhi. Ikija ni heri, isipokuja makubaliano yaliyoandikwa yanatosha kuendesha idara.

Muhtasari ninaowafundisha sasa una safu mbili ambazo haukuwa nazo zamani: jina la anayeshika hoja na tarehe ya kuleta majibu. Jina la mtu, siyo "Idara ya Fedha". Wakuu wa idara hawaipendi safu hiyo kwa kikao cha kwanza. Wengine huniuliza kama nimetumwa na chama. Kufikia kikao cha pili wanagundua kwamba inawalinda na wao pia, kwa kuwa hoja ambayo ufunguo wake uko Dodoma inaandikwa hivyo, pamoja na namba ya barua iliyopelekwa, na hakuna anayeweza kumsimamisha mtu ukumbini kwa jambo lisilo lake. Neno "linashughulikiwa" tumelipiga marufuku, na mwenyekiti mmoja alikwenda mbali zaidi akawa anamtoza anayelitamka soda moja.

Yule muuguzi nilikutana naye tena kwenye baraza lililofuata, miezi sita baadaye. Ilipofika hoja ya madeni alinyoosha mkono, wajumbe wakatulia wakijua linakuja jambo. Akasema: "Nilikuwa wa 43. Juzi nimeangalia ubaoni, nimekuwa wa 19. Asante, nakaa." Katibu akaniinamia akaninong'oneza aiandike wapi, maana siyo hoja. Nikamwambia aiandike kwenye yatokanayo, vilevile ilivyosemwa.