Teleka chini ya manjanja (mabati ya paa): someni kabla ya kubomoa viota

Tangu kazi za kupaka rangi mashule zilipoanza, malalamiko juu ya ndege wa chini ya paa yamezidi, hasa kutoka komini za Kenya, Katuba na Kampemba hapa Lubumbashi, Kongo. Karibu wote wanawaita mbayuwayu. Sivyo. Mbayuwayu hujenga kwa udongo na hupumzika kwenye waya za umeme. Huyu mweusi mwenye kiraka cheupe mgongoni ni teleka mdogo. Vidole vyake vinne vyote huelekea mbele, basi waya haimfai. Hudaka manyoya na nyasi hewani, akazigandisha kwa mate. Kutotua kwake kwenye waya si uchawi, na barua zinazodai hivyo tunaomba zisiletwe tena.

Asili yake ni magenge ya mawe. Ghorofa na madaraja yetu yamempa magenge mapya. Jamaa yake wa visiwa vya Karibi, ndege wa gramu 10 hivi, amefanya vilevile: huko Cuba, Haiti na Jamaika hujenga ndani ya majani makavu ya mitende, hata ile iliyopandwa mijini. Wetu ana gramu 25 tu, lakini mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi kwenye vichuguu, hushiba hao.

Sasa utaratibu. Kiota chenye mayai au makinda kisiguswe. Tangu yai hadi kinda kuruka ni karibu miezi miwili. Andika barua nakala mbili, ipitie kwa chefu wa kartie (mkuu wa mtaa), ifike ofisi ya mazingira. Taja avenue, namba ya parseli (kiwanja) na kama makinda yanasikika. Agenti wa ofisi hiyo akichelewa, ukimya wake si ruhusa. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa viumbe nchini, si ndani ya mbuga tu kama wengi wanavyodhani. Ina adhabu za kifungo na faini, lakini anayezitoa ni hakimu. Mtu akikudai faranga mkononi pale ukutani, usimpe.

Makinda yakishatoka, ziba nafasi kwa wavu, tena mchana ndege wakiwa nje, maana usiku wakubwa hurudi kulala kiotani. Kinyesi kinyunyizie maji kwanza, funga kitambaa puani, ndipo ukwangue. Rangi ipakwe baadaye.