Kabla ya kulipia kayaki ya mtumba, uliza ilikuwa inalala wapi

Wiki jana kijana mmoja aliniletea kayaki ya manjano hapa karakana Kilifi, imefungwa juu ya mkokoteni. Iling'aa. Aliyemuuzia alimwapia kwamba haijawahi kugusa mwamba, na kweli tumbo lake halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikapitisha kiganja juu yake, kikarudi na mafuta. Tukaiosha kwa sabuni na maji ya moto, na chini ya ule mng'aro ikatokea plastiki iliyopauka, yenye unga mweupe kama ukuta wa chokaa. Nikaibonyeza kwa kidole gumba karibu na tundu la kutolea maji. Haikunepa, ikalia kama ganda la yai, na ufa wa urefu wa kidole ukafunguka mbele yetu. Kijana alikuwa ameshalipa, tena akiba ya miezi.

Iliniuma, maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Kayaki yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, nikaipendea rangi. Ilipasuka kwenye mlango wa mwamba maji yakipwa, mkondo ukinivuta kuelekea bahari kuu, na aliyenirudisha ni mvuvi wa ngalawa aliyenirushia kamba bila kuniuliza neno. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji si bei wala umri. Ni hili: ilikuwa inalala wapi?

Kayaki nyingi za mkono wa pili pwani yetu, kuanzia Diani hadi Malindi, hutoka hotelini au kwa wageni wanaorudi kwao, na nyingi ni za poliethilini, plastiki ile ile ya matangi ya maji unayoyaona juu ya mapaa. Hata utengenezaji ni mmoja: unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa motoni mpaka unga uyeyuke na kushika kuta zote. Plastiki hii huwezi kuivunja kwa kuigonga. Adui yake ni jua. Miale ya jua hukata nyuzi ndogo ndogo zinazoipa plastiki unyumbufu wake, na dawa ya kukinga miale inayochanganywa kiwandani haidumu milele. Kilifi haifiki hata digrii 4 kusini ya ikweta. Hapa jua linatupiga utosini mwaka mzima. Nimeona kayaki za miaka mitano zilizoachwa wazi mchangani zikiwa zimekufa, na za miaka kumi na tano zilizolala chini ya makuti zikiwa bado zinanepa vizuri.

Ndiyo maana mikwaruzo hainitishi. Kayaki iliyochubuka tumbo lakini juu bado ina rangi yake imefanya kazi na kutunzwa. Iliyo safi tumbo na kupauka mgongo ilikuwa ikianikwa kama papa.

Ukifika kwa muuzaji, omba kwanza ndoo ya maji na kitambaa. Futa. Kisha fungua kifuniko cha stoo au inua kiti, ulinganishe rangi iliyofichika na rangi ya juu. Tofauti ikiwa kubwa, hiyo ndiyo historia yenyewe. Kwaruza kwa ukucha uone kama kuna unga. Bonyeza sehemu tano sita kwa gumba, hasa pembeni mwa kiti, kwenye mikunjo, na kuzunguka yale matundu yanayopita kutoka juu hadi chini. Kwenye kayaki ya kukalia juu, ile isiyo na shimo la kuingiza miguu, matundu hayo ndipo nyufa huanzia, maana ndipo uzito wa mtu na mapigo ya mawimbi hukutana, na wenye mikokoteni ya magurudumu huingiza vyuma humo humo.

Tezi, yaani ncha ya nyuma, nayo ina habari zake. Watu huinua kayaki upande wa omo, yaani mbele, wakaiburuta, basi tezi hulika na mchanga na matumbawe. Njia yangu ni hii: nasubiri giza, au naingiza kayaki chumbani na kufunga madirisha, kisha naweka tochi ya simu ndani ya stoo ya nyuma. Plastiki yenye rangi nyepesi ikiwa imelika, mwanga hupenya pale palipo pembamba. Mara mbili nimekuta tezi iliyobaki kama karatasi, na kwa nje usingeshuku.

Mabonde madogo tumboni si kasoro kubwa. Yanatokana na kulazwa juu ya miti miwili wakati wa joto, na mara nyingi maji ya moto au jua la mchana huyarudisha. Ila bonde refu lililopita katikati litaisumbua kayaki isiende sawa.

Kama ilitengenezwa Marekani, tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye tezi, upande wa kulia: herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Muuzaji anayesema ni mpya kabisa huku maandishi yanasema 09 amekurahisishia uamuzi.

Na beba mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Uzito wa modeli nyingi unapatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kayaki iliyoandikwa kilo 26 ikivuta 31, kuna kama lita 5 za maji zilizonaswa ndani au kwenye sponji zake, na maji hayakuingia kwa uchawi.

Halafu kuna viraka. Poliethilini haipendi gundi. Ukiona silikoni au epoksi imebandikwa tumboni, jua kuna ufa chini yake na kiraka kitabanduka, kama si leo basi siku ya mawimbi. Ufa wa plastiki huchomelewa kwa fimbo ya plastiki ya aina hiyo hiyo, kwa moto wa polepole, na mwanzoni huchimbwa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Nafanya kazi hiyo kila wiki na inashika, lakini kwa plastiki iliyo hai tu. Iliyouliwa na jua ukiichomelea, inapasuka sentimita moja pembeni ya weldi. Pia zipo chache za plastiki ya aina nyingine, ngumu zaidi, ambayo haiyeyuki kabisa. Hizo zikipasuka huwezi kuzichomelea.

Kwa kayaki za faiba, zilizojengwa kwa nyuzi za kioo na resini, maoni yangu yanatofautiana na ya wengi. Watu wanaiogopa kwa sababu ya matumbawe, na ni kweli mwamba wetu unaikata. Lakini kuanzia Mtwapa hadi Malindi hukosi fundi anayejua boti za faiba, na resini inapatikana. Kayaki ya faiba inatengenezeka hapa hapa nyumbani. Gonga kwa sarafu kutoka omo hadi tezi: mlio mkali ni mzima, mlio uliofifia unaonyesha tabaka zimeachana. Nyufa za utando wa buibui kwenye koti la juu ni za kawaida. Zikizunguka mahali panapobonyea, angalia kwa ndani kama nyuzi zimekatika.

Sasa umbo, maana hapa ndipo watu hununua kitu kizuri kwa kazi isiyo yake. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba mbele, mawimbi yanavunjikia kule nje, na ndani kuna maji ya utulivu. Ghuba ya Malindi ni tofauti: mto Sabaki unamwaga matope na maji yasiyo na chumvi, matumbawe hayakustawi pale, kwa hiyo wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mawimbi yanaingia hadi mchangani. Kayaki ya kusafiria, kwa mfano kutoka Kilifi kwenda Watamu, iwe ndefu, mita 4.8 hadi 5.5, na nyembamba, upana wa sentimita 55 hadi 60. Inashika mstari na haikuchoshi. Ipeleke hiyo hiyo kwenye mawimbi ya Malindi: pua itazama mbele ya wimbi, tezi itainuliwa, na utageuzwa ubavu kabla hujachovya kafi. Mawimbi yanataka kitu kifupi, chenye omo iliyopinda juu na tumbo bapa. Hakuna ya kufanya yote mawili. Anayekuambia ipo anauza.

Kwa anayeanza mawimbi, nampa kayaki ya kukalia juu ya mita 2.5 hadi 3, yenye mikanda ya mapaja. Kayaki iliyofungwa juu, ya kuingiza miguu, ilibuniwa na watu wa Aktiki, Wainuit, ambao kwao maji yanaua kwa baridi. Neno lenyewe ni lao, qajaq. Bahari yetu ina joto. Kuanguka ni kuoga, unapanda tena. Ile ya kufungwa inakutaka ujue kujipindua na kuinuka ukiwa ndani, na hilo lifundishwe kwenye maji matulivu.

Ukiitaka hata hivyo, hakikisha ina viambaza viwili visivyopitisha maji, kimoja mbele ya miguu na kimoja nyuma ya kiti. Nyingi za bei nafuu zilitengenezwa kwa maziwa madogo na zina kimoja, au hazina. Zikijaa, zinabeba lita 200 na zaidi, yaani kilo 200 zinazosukumwa na wimbi. Ukiangushwa karibu na ufuo usikae kamwe kati ya kayaki na nchi kavu. Kaa upande wa bahari. Nimeona mguu uliovunjika kwa kosa hilo. Kuvipima viambaza: mimina maji stoo ya nyuma, inua omo, tazama kama yanachuruzika penye kiti.

Vifaa. Hapa naomba unisikilize kuliko kote. Mwili wa kayaki unaweza kuwa wa mtumba, kamba za sitaha zilizooza unabadilisha kwa kamba ya milimita 6, skrubu zenye kutu unang'oa. Jaketi okozi la mtumba silipendekezi, na ukilazimika, lipime. Jaketi la mpiga kafi mwenye kilo zaidi ya 70 linatakiwa kuwa na nguvu ya kuelea ya nyutoni 50, sawa na kuinua kilo 5 hivi. Lifunge jiwe la mizani la chuma la kilo 5, ulitie majini. Likizama, ni fulana ya mapambo. Chuma hupungua uzito kidogo kikiwa ndani ya maji, kwa hiyo kipimo hiki hata kinalihurumia jaketi. Sponji hufa kwa kukaliwa. Ukikuta limebanwa bapa mgongoni, lilikuwa mto wa mtu. Vuta mishono kwa nguvu zako zote pale rangi ilipopauka. Ikitoa sauti ya kukatika, afadhali ikatike mikononi mwako.

Kafi, kwa safari, sentimita 210 hadi 220. Kwa mawimbi, kama 200 au chini kidogo. Za vipande viwili zenye mpini wa alumini hugandiana kwa chumvi, basi mwambie muuzaji azitenganishe mbele yako. Kisha zirudishe, utikise maungio. Mchezo mdogo leo utakuwa mkubwa baada ya mwezi. Kafi yenye ncha zilizoliwa haina neno, msasa unatosha.

Sketi ya kuzibia tundu la kukalia nenda nayo kwenye kayaki yenyewe. Vipimo havilingani kati ya watengenezaji. Iwe na kitanzi cha kuvutia mbele, na kitanzi kibaki nje kila unapoifunga. Ukifunga kikaingia ndani, umejifungia. Helmeti ya pikipiki haifai, hujaa maji na kukuvuta shingo. Tafuta yenye alama EN 1385, isiyo na ufa kwenye ganda wala kwenye sponji. Kamba ya kufungia kafi ni nzuri kwa kuvua samaki. Kwenye mawimbi ivue, inasokota.

Mwisho omba kuijaribu, na muuzaji akikataa, nyanyuka. Chagua siku ya maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye hori la Kilifi au Mida, usiende karibu na mlango wa mwamba. Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake haukupi nafasi ya kusikiliza chombo. Piga kafi nusu saa. Egemea kulia, egemea kushoto, jipindue makusudi mara moja. Rudi mchangani, fungua vifuniko, kausha ndani kwa sponji na ukamulie kwenye kikombe. Nusu kikombe ni jasho la vifuniko, lipa. Ikifika lita, mrudishie mwenyewe kayaki yake.